Kabla Hujafungua Mtutu wa Bunduki Gereji Kwako

Wakazi wa Midrand wanaijua Gallagher kwa mengi: mahafali, harusi kubwa, maonyesho ya biashara, na hata vikao vya Bunge la Afrika. Hapo hapo ndipo hufanyika HuntEx, maonyesho ya uwindaji na ulengaji wa shabaha. Baba huja na watoto, mama anaangalia mahema na majiko ya kambini, na kabla hawajafika kwenye banda la nyama kavu wamepita meza za bunduki, darubini na vyombo vya mafundi.

Kwa hiyo sikushangaa shemeji yangu anayeishi Polokwane aliponipigia simu. Ana ukazi wa kudumu, ana leseni, na kila majira ya baridi huenda na wenzake kuwinda impala. Bunduki yake imeacha kupiga anapolenga. "Shemeji," aliniambia, "wewe uko jirani na Gallagher. Niangalizie vyombo vya kufungulia mtutu. Nimeona watu wanabadilisha wenyewe nyumbani." Nikamjibu: "Shemeji, hivyo vyombo nitakuangalizia. Lakini dada yangu na watoto wako ndani ya nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo acha tuulize vizuri kwanza."

Tuliuliza, na majibu nimeyakusanya hapa. Najua shemeji si peke yake: Waswahili wenye bunduki za kuwindia wapo Pretoria, Nelspruit, Texas na Alberta. Mifano yangu ni ya Afrika Kusini, lakini chuma ni kile kile popote. Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba vyombo vinavyosifiwa sana madukani ni vya kugeuzia, wakati vinavyolinda uso wa mpigaji ni vya kupimia. Na kabla ya vyote viwili kuna karatasi.

Karatasi kabla ya spana

Silaha za raia Afrika Kusini ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha Namba 60 ya mwaka 2000, ambayo sehemu yake kubwa ilianza kutumika Julai 2004. Sisi wageni tuanzie kwenye cheti cha umahiri, ambacho hutangulia leseni. Hupewa raia wa Afrika Kusini au mwenye kibali cha ukazi wa kudumu, na umri wa kawaida ni kuanzia miaka 21. Kama uko hapa kwa visa ya kazi, ya masomo au ya ujuzi adimu, huwezi kumiliki bunduki kwa jina lako, hata kama mwajiri wako anakusifu na kodi unalipa. Unachoweza ni kuitumia bunduki ya mwenye leseni akiwa pembeni yako, anakusimamia, mahali panaporuhusiwa.

Anayewinda mara mojamoja hupewa leseni ya miaka 10, na leseni hiyo haimpi bunduki inayojipakia yenyewe. Maombi ya kuihuisha yanatakiwa yafike siku 90 au zaidi kabla ya tarehe ya mwisho. Hili si la kuchukulia kimzaha: mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikataa hoja kwamba vifungu vya kuhuisha leseni vinakwenda kinyume cha katiba. Leseni ikiisha na bunduki ikabaki kabatini, unamiliki silaha bila kibali. Adhabu ya kumiliki bila leseni inaweza kufika kifungo cha miaka 15, na kwa mgeni kesi ya namna hiyo inagusa pia makaratasi yake ya ukazi.

Sasa tuje kwenye mtutu wenyewe. Wengi wanauona kama kipuri, mfano wa ekzosi ya gari: wa zamani unatoka, mpya unaingia, maisha yanaendelea. Sheria haiuoni hivyo. Mtutu peke yake, bila kitako wala bolti, unahesabiwa kuwa sehemu kuu ya silaha, na kuumiliki kunahitaji leseni. Mtutu mpya hauwezi kununuliwa kama tairi. Na ule wa zamani ukishafunguliwa haugeuki chuma chakavu. Bado ni silaha mbele ya sheria, na lazima ujulikane uko wapi.

Kazi ya fundi bunduki nayo ina leseni yake, na fundi anatakiwa kuweka daftari la silaha zinazopita mikononi mwake. Kwa hiyo kabla ya kununua hata bisibisi, nenda kituo cha polisi cha eneo lako, umwone ofisa anayeshughulikia silaha. Mweleze kwa maandishi unachotaka kufanya: mtutu wa aina ile ile ya risasi au tofauti, nani ataufunga, na wa zamani utakwenda wapi. Baki na nakala yenye mhuri. Karatasi hiyo haina bei dukani, lakini bila yake vyombo vingine vyote vinaweza kukutia matatani.

Je, mtutu umekwisha kweli?

Hospitalini hatukati mguu kwa sababu mgonjwa amesema unauma. Tunapima kwanza. Bunduki iliyoacha kulenga nayo ipimwe kwanza.

Chukua hesabu hii. Mtutu wa risasi ya .308, ukitunzwa, hupiga elfu kadhaa kabla usahihi wake haujashuka. Walenga shabaha wengi hukadiria kati ya 3,000 na 5,000. Risasi zenye kasi kubwa na baruti nyingi hula mtutu haraka zaidi, wakati mwingine hata kabla ya 2,000. Sasa mwindaji kama shemeji, akijumlisha mazoezi na safari zake, anapiga labda risasi 60 kwa mwaka. Ili afikishe 3,000 anahitaji miaka 50. Sheria yenyewe inamruhusu kuwa na risasi zisizozidi 200 kwa silaha moja kwa wakati mmoja. Mwindaji wa namna hii huzeeka kabla mtutu wake haujazeeka.

Mara nyingi tatizo liko kwingine, na vyombo vya kulitafuta ni vidogo:

Skrubu zilizolegea. Bunduki hufungwa kwenye kitako kwa skrubu mbili au tatu, na darubini ina zake. Zikilegea kidogo tu, risasi inakwenda kwa jirani. Bisibisi inayopima nguvu ya kukaza ndiyo chombo cha kwanza ninachoweza kumshauri mtu anunue.

Uchafu. Risasi nyingi za kuwindia zina ganda la shaba juu ya kichwa, na shaba hiyo hujipaka ndani ya mtutu. Unahitaji ufito wa kusafishia wa kipande kimoja, kiongozi cha kuuingizia kwa nyuma, vitambaa, na dawa ya kuondoa shaba. Safisha ukianzia upande wa bolti kwenda mbele. Ukisukuma ufito kutoka mbele unaweza kukwangua mdomo wa mtutu, na mdomo ukiharibika, usahihi umekwenda.

Mdomo uliogongwa. Bunduki iliyosafiri kwenye bakkie, ikaanguka au ikasimamishwa kwenye mawe, inaweza kuwa na kovu pale risasi inapotokea. Fundi mwenye mashine huukata upya mdomo huo, na mtutu ukaendelea kuishi.

Risasi za aina nyingine. Umebadilisha chapa au uzito wa kichwa? Jaribu kurudi kwenye ile uliyokuwa ukiitumia.

Kamera nyembamba za kuchungulia ndani ya mtutu siku hizi zinapatikana kwa bei ya kawaida na huunganishwa kwenye simu. Zinaonyesha mengi, ila zinatisha: mtutu mzima ukiukuza mara nyingi unafanana na barabara ya vumbi baada ya mvua. Kinachoamua ni shabaha kwenye karatasi, si picha.

Jua bunduki yako ni ya ukoo gani

Kama baada ya hayo yote mtutu kweli umekwisha, swali la vyombo linategemea namna mtutu ulivyofungwa. Kwa bunduki za bolti kuna koo tatu kubwa.

Ukoo wa kwanza ni wa mtutu wenye bega. Mtutu una hesi upande wa nyuma, unazungushwa ndani ya bodi ya bunduki mpaka ugote, kisha unakazwa kwa nguvu nyingi. Humu zimo Mauser 98, Remington 700, na Musgrave za Bloemfontein ambazo bado zinauzwa mkono kwa mkono nchi nzima. Mafundi hukata hesi na chemba kwenye mashine ya kukerezea ili zilingane na bodi moja mahususi. Mtutu uliokaa vizuri kwenye bunduki ya jirani yako si lazima ukae vizuri kwenye yako, hata kama chapa ni moja.

Ukoo wa pili ni wa nati. Savage ndiyo maarufu. Mtutu unaingia kwa kuzungushwa, halafu nati kubwa inaukaza mahali ulipo. Faida yake ni kwamba kina cha mtutu kinarekebishwa kwa mkono ukitumia geji, kabla ya nati kukazwa. Ndiyo sababu Wamarekani wengi wanaofanya kazi hii nyumbani huanza na ukoo huu.

Ukoo wa tatu ni wa ufunguo. Blaser R8 ya Ujerumani imetengenezwa ili mwenyewe aubadilishe mtutu kwa ufunguo mmoja wa pembe sita, kwa dakika chache. Bolti yake hujifunga ndani ya mtutu wenyewe, hivyo kipimo muhimu kimekwisha kuwekwa kiwandani. Bei yake ni ya juu, na hapa Afrika Kusini kila mtutu wa ziada lazima uwe na leseni yake. Lakini kama ndoto yako ni kubadilisha mitutu nyumbani, hii ndiyo bunduki iliyobuniwa kwa kazi hiyo. Nyingine zilibuniwa kwa meza ya fundi.

Neno moja kuhusu Mauser za zamani, kwa sababu zimejaa ukanda huu. Jamhuri za Makaburu ziliagiza maelfu ya Mauser za milimita 7 katika miaka ya 1890, na nyingine zimerithiwa mpaka leo. Hizo ni za muundo uliotangulia ule wa 1898. Mauser 98 iliongezwa meno ya tatu ya usalama kwenye bolti, na bodi yake ina nguvu zaidi. Bodi ya zamani isifungwe mtutu wa risasi ya kisasa yenye shinikizo kubwa, hata kama hesi zinakubali. Chuma kinaweza kukubali kuzungushwa na kisikubali kupigwa.

Vyombo vya kugeuzia

Kwa ukoo wa kwanza na wa pili unahitaji kushika kitu kimoja kisisogee na kuzungusha kingine.

Jiriwa ya mtutu ni vipande viwili vizito vya chuma vinavyobana mtutu katikati. Chagua yenye boliti nne badala ya mbili, kwa kuwa inabana sawasawa. Ndani yake huwekwa vikalio vya alumini, shaba au mbao vinavyolingana na unene wa mtutu. Bila hivyo mtutu utateleza na kujikwangua. Jiriwa ya kawaida ya gereji, yenye meno, haifai. Na meza nayo ni sehemu ya chombo: kama haijafungwa sakafuni au ukutani, utakachozungusha ni meza.

Spana ya bodi ni ya aina mbili. Ya nje inabana sehemu ya mbele ya bodi, nayo lazima iwe na umbo la bodi yako, kwa kuwa Mauser ina tumbo bapa na Remington 700 ni mviringo. Ya ndani inaingia pale bolti inapopita. Kwa kufungua mtutu uliokaa miaka arobaini, ya nje ina mshiko bora zaidi. Watu wengine huchomeka nondo kwenye uwazi wa bodi na kuizungusha; bodi ikijipinda kwa namna hiyo hainyooki tena, na bunduki imekufa.

Spana ya nati ni ya ukoo wa Savage. Inunuliwe kwa umbo la nati uliyo nayo, kwa maana kuna nati zenye mifereji na kuna laini.

Toki renchi, ile spana inayoonyesha nguvu unayokazia, ni ya lazima. Kiasi cha nguvu hutoka kwa mtengenezaji wa bunduki au wa mtutu. Usikichukue kwenye video ya mtu mwenye bunduki tofauti na yako.

Mafuta ya kupenya na grisi ya hesi ni vitu vidogo vinavyookoa kazi kubwa. Mafuta yakae usiku mzima kabla ya kufungua. Tochi ya gesi iache. Bodi ya bunduki imepewa ugumu wake kwa moto wa kupimwa kiwandani. Ukiichoma kiholela unaunyang'anya ugumu huo, na kwa macho huwezi kujua.

Vyombo vya kupimia

Hapa ndipo shemeji aliponyamaza kwenye simu, na ndipo ningependa kila mwenye bunduki asome mara mbili.

Risasi ikiwa chemba, kuna umbali kati ya uso wa bolti na mahali ganda linapogotea mbele. Umbali huo lazima uwe ndani ya mipaka. Ukiwa mfupi, bolti haifungi, au inafungwa kwa kulazimishwa. Ukiwa mrefu, ganda linapopigwa hurudi nyuma likijivuta, na linaweza kukatika. Likikatika, gesi ya moto hutafuta njia, na njia iliyo karibu inaelekea usoni kwa mpigaji.

Mipaka hiyo hupimwa kwa geji mbili za chuma zenye umbo la risasi. Ya kwanza ni ya "ipite": bolti lazima ifunge juu yake. Ya pili ni ya "isipite": bolti isifunge. Kwa risasi ya .308, geji ya kwanza ina milimita 41.40 na ya pili 41.50. Tofauti ni sehemu ya kumi ya milimita, karibu na unene wa karatasi moja ya kuandikia. Jicho halioni tofauti hiyo, wala kidole hakiihisi.

Kwa nini karatasi moja iwe na uzito huo? Kwa sababu ya shinikizo. Kipimo cha juu cha .308 kwa viwango vya Ulaya ni bar 4,150. Tairi la gari lako lina bar mbili na kidogo. Tunazungumzia shinikizo karibu mara elfu mbili ya lile la tairi, sentimita chache kutoka kwenye jicho.

Kwetu Tanzania tunalijua gobore, bunduki ya kienyeji ambayo mtutu wake mara nyingi ni bomba lililokusudiwa kazi nyingine. Wazee wamewinda nguruwe nalo, na wengine limewapasukia mikononi. Mtu wa mjini hulicheka gobore. Lakini bunduki ya kisasa iliyofungwa mtutu bila geji ni gobore lenye rangi nzuri na shinikizo kubwa zaidi.

Kwa hiyo ukiona tangazo la seti ya jiriwa na spana bila geji, jua umeuziwa nusu ya kazi. Geji zinunuliwe kwa aina ile ile ya risasi, na zote mbili. Mwenye geji ya "ipite" peke yake anajua bunduki itafunga. Hajui kama itamrudia. Wakati wa kupima, vijiti na springi za bolti zinazosukuma hutolewa, na bolti inasukumwa kwa vidole viwili tu. Ukitumia nguvu ya kiganja, geji ya "isipite" nayo itapita, na utakuwa umejidanganya.

Gereji yenye watoto

Kiswahili kina neno moja kwa kitu kinachopigwa na kwa madini yaliyomo ndani yake: risasi. Ni vizuri kulikumbuka hilo. Unaposafisha mtutu, kitambaa kinatoka na mabaki ya madini hayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba changa, kwa kuwa madini hayo hugusa ubongo unaokua. Kwa hiyo kazi hii isifanyike mezani jikoni wala sebuleni. Vaa glavu, tupa vitambaa kwenye mfuko uliofungwa, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Dawa nyingi za kuondoa shaba zina amonia: fungua mlango wa gereji.

Miwani ya usalama iwe usoni tangu jiriwa inapokazwa. Springi ya bolti ikichomoka haichagui pa kwenda.

Halafu sefu. Sheria inataka bunduki ikae kwenye sefu ya kiwango cha SABS 953, iliyofungwa ukutani au sakafuni kwa boliti. Watu wengi wanayo. Tatizo la kazi ya nyumbani ni kwamba inachukua siku mbili au tatu: mafuta yapenye usiku, vikalio havilingani, duka limefungwa Jumapili. Katikati ya hapo bodi iko kwenye meza, mtutu uko kwenye jiriwa, bolti iko kwenye kikopo cha maziwa, na watoto wa jirani wamekuja kucheza. Kila kipande kirudi kwenye sefu kila unapoondoka, hata kama unakwenda kunywa chai. Ukiona hilo ni usumbufu, basi gereji yako haiko tayari kwa kazi hii.

Risasi hai zisiwepo kabisa chumba cha kazi. Majaribio yafanywe kwa geji, kamwe si kwa risasi ya kweli.

Hesabu ya mwisho: kununua au kulipa

Jumlisha jiriwa yenye vikalio, spana ya bodi, toki renchi, geji mbili na meza iliyofungwa. Linganisha na malipo ya fundi mwenye leseni kwa kazi moja. Kisha jiulize utaifanya kazi hiyo mara ngapi maishani. Mlenga shabaha wa mashindano, anayemaliza mtutu kila baada ya miaka michache, ana sababu ya kumiliki vyombo hivyo na kujifunza kwa fundi. Mwindaji wa risasi 60 kwa mwaka hana. Kwa huyo ninapendekeza bisibisi ya kupima nguvu, vyombo vizuri vya kusafishia, na sefu nzuri. Akitaka kuongeza, anunue geji mbili: hata kama hafungi mtutu mwenyewe, anaweza kuzibeba kwa fundi na kuomba zipimwe mbele yake.

Ukienda kwa fundi, haya ndiyo maswali:

Leseni yako ya ufundi iko wapi, naomba niione.

Bodi hii inafaa kwa aina hii ya risasi?

Utapima kwa geji zipi, na utaniandikia matokeo?

Utaipiga risasi za majaribio kabla hujanirudishia?

Mtutu wa zamani unabaki kwako kwa maandishi, au tunaupeleka polisi?

Fundi mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Anayekasirika, mshukuru na uondoke.

Na kwa wenzetu wanaofikiria kurudi nyumbani na bunduki au mtutu ndani ya kontena la vyombo vya ndani: usifanye hivyo kimya kimya. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha. Kibali kiombwe nchi zote mbili kabla mzigo haujafungwa. Mtutu uliofungwa kwenye blanketi kati ya friji na makochi hautaonekana na forodha kuwa kipuri.

Shemeji alikaza skrubu za kitako na za darubini kwa kipimo, akasafisha mtutu jioni mbili mpaka kitambaa kikaacha kutoka na rangi ya kijani ya shaba, akaenda uwanja wa shabaha. Risasi tano zilikaa ndani ya kifuniko cha chupa ya maji. Vyombo vya mtutu hakununua. Dada yangu anasema pesa hiyo wamenunulia meza ya kusomea watoto.